Tusiishie Kuwapigia Makofi



Kila ifikapo tarehe 3 Desemba, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, siku iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Katika miji yetu ratiba ya siku hiyo tumekwisha kuizoea. Turubai hufungwa, viti hupangwa, mgeni rasmi hualikwa. Kikundi cha vijana wasioona huimba, viziwi huigiza pasipo kutamka neno, mtoto mwenye ualbino hughani shairi. Watu hupangusa machozi na kupiga makofi, kisha hugawiwa mchele, sabuni na mafuta ya kupikia. Jioni turubai hufunguliwa, na wale waliotuimbia hurudi nyumbani kwa njia zile zile, kwa kuvuka mitaro ile ile, na kwa kusubiri daladala zile zile ambazo konda wake, akiona gongo kwapani mwa abiria, hugonga bati na kumwambia dereva aondoe gari.

Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya pengo hilo lililopo kati ya makofi na mtaro. Wapo wanafunzi wa sekondari na wa vyuo katika parokia zetu wanaouliza wafanye nini pamoja na wenzao wenye ulemavu, hasa kwa njia ya michoro, nyimbo, picha na maigizo, ili jiji letu liwe la wote. Swali lao ni jema sana, na ninatoa maoni yangu mapema ili tusipotezane njiani. Naamini kwamba sanaa ya watu wenye ulemavu haipo kwa ajili ya kutusisimua. Sanaa hiyo ni elimu juu ya jiji, elimu ambayo sisi wengine hatunayo. Naamini pia kwamba kazi ya namna hiyo haijakamilika siku ya onyesho. Inakamilika siku ambayo kizuizi kimoja, hata kiwe kidogo namna gani, kimeondolewa mahali pake.

NANI ANAYELIJUA JIJI?

Tumezoea kudhani kwamba jiji linajulikana kwa wahandisi na kwa ramani zao. Wanalijua, lakini wanalijua kutoka juu, kama mwewe anavyolijua shamba. Yuko mwingine anayelijua kutoka chini, kwa sababu kila hatua yake ni hesabu.

Mwanafunzi na amwombe jirani yake asiyeona wachore pamoja ramani ya mtaa wao. Atashangaa kuona kwamba jina la barabara halina kazi kubwa katika ramani hiyo. Kuna mashine ya kusaga: ikinguruma upande wa kulia, ujue umefika njia panda. Kuna harufu ya vitumbua, lakini ni ya asubuhi tu. Jioni alama hiyo haipo. Kuna adhana upande mmoja na kengele ya kanisa upande wa pili, na kati ya sauti hizo mbili mtu hujua uso wake umeelekea wapi. Kuna ubaridi wa kivuli cha mwembe. Siku mwembe huo ukikatwa, sisi twasema mti umekatwa. Kwake yeye kibao cha barabara kimeng'olewa. Tena fimbo nyeupe hupapasa chini. Haina habari ya bati la kibanda lililochomoza usawa wa paji la uso, wala ya kioo cha lori lililoegeshwa juu ya njia ya waendao kwa miguu.

Atumiaye kiti cha magurudumu ana ramani nyingine. Hapimi safari yake kwa mita; anaipima kwa idadi ya maombi. Hapa atamwomba mtu mmoja amwinue, pale atawaomba wawili, na pale pengine hapapitiki kabisa wakati wa masika. Duka liko hatua thelathini kutoka mlangoni pake, lakini kati yake na duka upo mtaro wenye ubao mmoja, na kwa hiyo anazunguka mtaa mzima. Hebu fikirini, ndugu zangu, mtu mzima mwenye akili timamu na kazi yake, ambaye kwenda kununua chumvi ni lazima kwanza aombe radhi kwa watu watatu.

Kiziwi ana ramani ya macho. Daladala za Dar es Salaam zimeandikwa njia zake ubavuni, na hilo ni jambo jema. Lakini konda akitangaza kwa mdomo kwamba leo gari halifiki mwisho wa safari, kiziwi huyajua hayo akiwa amekwisha kupotea. Katika foleni ya zahanati husubiri jina lake, nalo huitwa kwa sauti. Mwenye ualbino ana ramani ya vivuli, na kituo cha basi kisicho na paa saa sita za mchana ni kwake mahali pa hatari kwa ngozi na macho. Kijana mwenye ulemavu wa akili ana ramani ya watu: huyu huniita kwa jina langu, yule huwachochea watoto wanizomee, kwa hiyo nitapita kwa huyu.

Zikiwekwa ramani hizo tano juu ya meza moja, litaonekana jiji ambalo halimo katika ramani yoyote ya halmashauri. Mtu ataniuliza: kwa nini itumike sanaa? Kwa nini wanafunzi wasigawe madodoso tu, wajumlishe na kutoa asilimia? Najibu kwamba dodoso huuliza yale ambayo mwulizaji amekwisha kuyafikiri. Mwandishi wa dodoso ambaye hajawahi kujigonga kichwa kwenye bati la kibanda hataweka swali juu ya bati la kibanda. Katika kuchora, katika kuimba na katika kuigiza, anayejibu ndiye anayechagua swali.

MAKOFI YA DUNIA NA SARUJI YA RIO

Historia ya karibuni inatupa mifano miwili ambayo yafaa kuiweka bega kwa bega.

Mfano wa kwanza ni wa jirani zetu wa Kinshasa. Huko kilikuwako kikundi cha muziki kilichoitwa Staff Benda Bilili, ambacho wanamuziki wake wengi waliugua polio utotoni. Walitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizozigeuza wenyewe zifae miili yao, na walifanya mazoezi yao katika viunga vya bustani ya wanyama ya jiji. Kijana mmoja miongoni mwao alipiga ala aliyoibuni mwenyewe kwa kopo na uzi mmoja. Jina la kikundi, kwa Kilingala, lilikuwa mwaliko wa kutazama ng'ambo ya yale yanayoonekana. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2009, na mwaka 2010 filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Wakafanya ziara Ulaya na kwingineko, na kumbi zikasimama kuwashangilia. Katika nyimbo zao ulikuwamo mmoja wa kuwahimiza wazazi wawapeleke watoto wao wapate chanjo ya polio.

Nawasifu wanamuziki hao bila kujibana, maana walifanya kazi yao yote. Hawakuomba huruma, walidai wasikilizwe, na walikuwa na ujumbe kwa jiji lao. Lakini makofi, hata yakipigwa Cannes, hayawezi yenyewe kusawazisha barabara ya Kinshasa. Mwanamuziki hutoa wimbo; atakayemwaga zege ni lazima awe mtu mwingine, na mtu huyo sharti apatikane.

Mfano wa pili unaonyesha jinsi mtu huyo anavyoweza kupatikana. Augusto Boal alikuwa mtu wa tamthilia wa Brazil, aliyefariki mwaka 2009. Alianzisha namna ya maonyesho iliyoitwa Ukumbi wa Wanaokandamizwa. Kanuni yake ni rahisi. Watu huigiza tatizo lao halisi, nalo huachwa liishe vibaya, kama linavyoisha mtaani. Kisha mchezo huanza upya, na mtazamaji yeyote anaweza kusema simama, akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Mtazamaji hawezi tena kukaa na kulia tu, anaitwa atende. Boal alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, akahudumu kuanzia mwaka 1993 hadi 1996, naye akaichukua sanaa yake hadi katika baraza la madiwani. Vikundi vya wananchi, wakiwamo wanafunzi, wazee na watu wasioona, viliigiza shida zao katika mitaa, na yaliyojitokeza katika maigizo yaliandikwa na kupelekwa barazani kama mapendekezo ya sheria. Kumi na matatu kati yake yalipitishwa.

Moja ya mambo yaliyotoka kwa wasioona lastahili kusimuliwa. Simu za mitaani za Brazil wakati huo zilikuwa na kofia kubwa ya mviringo iliyoshikwa juu ya nguzo nyembamba. Mtu asiyeona alipapasa kwa fimbo yake, na kwa kuwa chini ya ile kofia hapakuwa na kitu, aliendelea kutembea mpaka uso wake ukagonga kofia. Katika jiji lililojaa simu hizo, watu wangapi wenye macho walikuwa wameliona hilo? Wasioona walilionyesha, na likatoka pendekezo: chini ya kila simu ya namna ile lijengwe jukwaa dogo la zege lililoinuka, ili fimbo iguse kabla ya uso kugonga. Saruji kidogo, na balaa limekwisha. Hakuna ramani ya mhandisi iliyokuwa imeona jambo hilo. Liliibuliwa na igizo.

Mnaona tofauti, wapendwa? Katika mfano wa pili kulikuwa na daraja lililojengwa makusudi kati ya jukwaa na ofisi. Daraja hilo ndilo ninaloliombea parokia zetu.

TUNAYO MIZIZI HAPA NYUMBANI

Msidhani kwamba nawaagiza mbegu kutoka Brazil. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, Mkoa wa Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji kwa njia ya sanaa. Hawakuwapelekea wanakijiji mchezo uliokwisha kuandikwa. Walianza kwa kukaa nao na kuuliza, wakachambua pamoja nao, wakatunga pamoja nao kwa kutumia ngoma na maigizo ya pale pale, wakaonyesha, na baada ya onyesho kukawa na mjadala wa nini kifanyike. Njia hiyo iliitwa sanaa kwa ajili ya maendeleo, na iliheshimu akili ya mwanakijiji. Kilichofanyika kijijini chaweza kufanyika mtaani. Tena mtaani ni karibu zaidi, kwa maana mwanafunzi hahitaji kupanda treni. Mwenzake mwenye ulemavu anaishi nyumba ya tatu.

Iringa nako, mwaka 2003, ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Ruaha walianzisha karakana ya Neema Crafts kwa vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Karakana ikakua, ikaajiri watu wengi wenye ulemavu wa namna mbalimbali, na ikajulikana kwa mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Aliyetaka chai mahali pale alilazimika kuiandika au kujifunza alama yake. Hapo utaona jambo la ajabu: anayesikia ndiye anayekuwa mgeni wa lugha, na ndiye anayehangaika kidogo. Dakika tano za namna hiyo humfundisha mtu zaidi ya hotuba ya saa nzima.

Hata usafiri wa jiji umetufundisha kwamba jambo hili linawezekana. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016, vituo vyake vilijengwa vikiwa na sakafu iliyo sawa na sakafu ya basi, ili kiti cha magurudumu kiingie bila kubebwa. Jambo kubwa. Lakini mwenye kiti hicho atafikaje kituoni, ikiwa kati ya mlango wake na barabara kuu kuna mtaro, lundo la kokoto na meza za biashara? Serikali hujenga barabara kuu. Mlango hadi barabara kuu ni kazi ya mtaa, na mtaa ni sisi.

MAJIBU KWA WENYE MASHAKA

Najua yatakayosemwa, na mengine yana haki ya kujibiwa.

La kwanza ni fedha. Husemwa kwamba sisi ni maskini, hatuwezi kujenga kama Ulaya. Lakini ngazi nazo ni saruji. Aliyejenga ngazi tatu mbele ya ofisi ya mtaa hakuzipata bure. Tatizo kubwa ni kwamba hatufikirii mapema, na hata tunapofikiri hatuhesabu. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kwa kila sentimita 1 ya kimo, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 45. Basi mteremko wake uwe na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Piteni katika majengo yetu, ya umma na ya dini, mtazame. Mara nyingi utakuta mteremko wa mita moja na nusu, mkali kama paa la nyumba, uliojengwa ili fundi aseme amejenga. Mteremko wa namna hiyo ni ngazi iliyojificha. Na nani angemwambia fundi hayo kabla zege halijakauka? Ni yule ambaye atautumia, kama angeitwa.

La pili husemwa hivi: watu hawa wana njaa, wanahitaji chakula na matibabu, ninyi mwawaletea rangi na ngoma. Chakula ni haki yao, na Karitasi ya parokia iendelee na kazi yake. Lakini mtu anayepewa chakula tu, na kamwe haulizwi neno, amefanywa kuwa tumbo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unadai katika kifungu cha 9 majengo, usafiri na habari vifikike kwa wote. Na katika kifungu cha 30 unatambua haki ya watu hawa kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na kwa ajili ya kuitajirisha jamii. Nchi yetu ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya hisani. Tunazungumza juu ya deni.

La tatu ndilo linalonipa wasiwasi hata mimi. Wanafunzi huweza kuja na kamera, wakapiga picha, wakapata alama za chuo na vyeti, kisha wasionekane tena. Mwenye ulemavu akabaki kuwa mada ya kazi ya mwenzake. Kwa hiyo nasema wazi: afadhali kazi hiyo isifanyike kuliko ifanywe hivyo. Watu wenye ulemavu duniani kote wana kauli yao: lolote linalotuhusu lisifanywe bila sisi. Katika kazi ya sanaa maana yake ni kwamba jina la mtunzi mwenye ulemavu liandikwe juu ya kazi yake. Nauli yake ilipwe, kwa maana safari yake ni ghali kuliko yetu. Mkalimani wa lugha ya alama awepo tangu kikao cha kwanza, asiitwe siku ya onyesho tu. Na yeye awe na haki ya kusema hapana, picha hii isionyeshwe.

NA KANISA JE?

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi nchini Tanzania wana ulemavu. Basi katika kila waamini 1,000 tungetarajia kuwaona zaidi ya 100. Wengine ulemavu wao hauonekani kwa macho, ni kweli. Lakini wengine unaonekana. Jumapili wako wapi? Swali hili siwaulizi walio nje ya Kanisa.

Katika sura ya pili ya Injili ya Marko, watu wanne wanamleta mtu aliyepooza kwa Yesu huko Kapernaumu, nao wanashindwa kuingia. Tuangalie vizuri ni nini kiliwazuia. Ilikuwa migongo ya watu wa ibada, waliokusanyika mlangoni kusikiliza neno, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Wale wanne wakapanda juu, wakatoboa dari ya nyumba ya watu. Injili haisemi popote kwamba Bwana alilalamikia dari. Aliitazama imani yao. Tena katika sura ya tatu ya Matendo ya Mitume, kiwete aliwekwa kila siku kwenye mlango wa hekalu ulioitwa Mzuri. Mlango ni mzuri, na yeye yuko nje yake, anaomba. Mji unaojenga milango mizuri na kumwacha mtu kwenye kizingiti haukuisha Yerusalemu.

Tena tusisahau kwamba vizuizi vingine havijengwi kwa mawe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilihesabu kasoro fulani za mwili kuwa kizuizi cha kupewa daraja takatifu. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikuendelea na kizuizi hicho. Kilichoandikwa kwa mkono kinaweza kufutwa kwa mkono. Papa Fransisko katika waraka wake wa mwaka 2020 juu ya udugu aliwaona watu wengi wenye ulemavu kuwa kama wahamishwa waliofichika: wamo katika jamii na hawahesabiwi kuwa wake.

Hata hivyo hazina yetu ina kitu kingine cha kutupa moyo. Katika karne ya 11, kwenye monasteri ya Reichenau huko Ujerumani, aliishi mmonaki aliyeitwa Hermann, aliyezaliwa mwaka 1013 na kufariki mwaka 1054. Hakuweza kutembea bila msaada, na usemi wake ulikuwa wa shida. Mtu huyo aliandika juu ya historia, hesabu, nyota na muziki, na mapokeo ya kale yanamtaja kuwa mtunzi wa Salamu Malkia, ingawa wataalamu hawakubaliani juu ya jambo hilo. Maisha yake tunayajua hasa kwa sababu yaliandikwa na mwanafunzi wake, Berthold. Nawaomba vijana wetu walitafakari hilo. Katika monasteri ile mwanafunzi hakuenda kwa mtu mwenye ulemavu ili amsaidie na kupiga picha. Alikwenda kufundishwa. Na monasteri ilifanya sehemu yake: ilihakikisha kwamba mtu asiyeweza kwenda maktaba anapata vitabu, na mtu asiyesemeka kwa urahisi anapata msikilizaji mvumilivu.

TUFANYE NINI?

Napendekeza mambo machache yanayowezekana ndani ya miezi mitatu, bila mfadhili.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatambue watu wenye ulemavu wanaoishi ndani ya mipaka yake, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na iwaulize kama wangependa kushiriki. Atakayekataa aheshimiwe.

Pili, wanafunzi wetu wa TYCS na vijana wa VIWAWA waunde vikundi vidogo pamoja nao, watembee mtaani kwa mwendo wa yule aliye taratibu kuliko wote, wakusanye ramani nilizozitaja, kisha watunge pamoja. Anayeweza kuchora achore, anayeweza kuimba aimbe, anayejua alama aigize. Onyesho lisifanyike jukwaani kwanza. Lifanyike pale pale penye kizuizi: kando ya mtaro, mbele ya ngazi, kituoni.

Tatu, na hili ndilo linalotenganisha kazi na burudani: kwenye onyesho waalikwe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, diwani, fundi na mwenye kibanda. Baada ya onyesho kuwe na mjadala, na mjadala usifungwe kabla ya kutaja kizuizi kimoja, mtu mmoja atakayehusika nacho, na tarehe. Kimoja tu. Daraja la zege juu ya mtaro ule. Bati lile likatwe. Majina ya wagonjwa zahanati yaandikwe ubaoni pamoja na kuitwa.

Nne, tuanze na nyumba yetu wenyewe. Halmashauri ya Walei nimeiomba ipime mlango wa kanisa letu, ofisi ya parokia na vyoo kwa kipimo kile cha 1 kwa 12, nao wapimaji wawe ni waamini wanaotumia magongo na viti vya magurudumu. Matokeo yatasomwa katika matangazo ya Jumapili, yawe mazuri au mabaya.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi peke yake ataleta shauku isiyo na njia. Mwenye ulemavu peke yake amekuwa akisema kwa miaka, na hakusikilizwa. Mwenyekiti wa mtaa peke yake hajui pa kuanzia. Wakikutana kando ya mtaro mmoja, wakaimba, wakaulizana, wakapatana juu ya mifuko miwili ya saruji, tutakuwa tumefanya jambo ambalo turubai la tarehe 3 Desemba halijawahi kutufanyia. Na hapo, mtu wa kwanza atakapovuka bila kuomba radhi kwa yeyote, pigeni makofi kadiri mpendavyo.

Nawatakia juma jema lenye baraka.

Paroko wenu